Gari la Viti Viwili na Mfuko wa Mama

MWALIMU aliyenifundisha hesabu darasa la saba ana mke mmoja, wajukuu tisa na gari la viti viwili. Zipige hesabu hizo upendavyo, msomaji, jibu halipatikani. Mama, mkewe, amekuwa akimkumbusha jambo hilo tangu siku gari lilipoingia uani mwao, nje kidogo ya mji wa Ogembo.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1971, lile lisilokuwa na paa la bati bali turubai la kukunjwa. Ni gari la Waingereza. Yalitengenezwa huko Abingdon tangu 1962 hadi 1980, na yote pamoja yalizidi nusu milioni. Injini yake ni ya sisi 1798, boneti ndefu, kitako kifupi, na tumbo lililokaribia ardhi mno kwa barabara zetu. Ndugu mkubwa wa Mwalimu, ambaye sasa ni marehemu, alilinunua Nairobi miaka ya themanini kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ndoto yake ilikuwa kulifikisha katika yale maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance, ambayo yamefanyika Nairobi tangu 1970. Hakuwahi. Alipofariki, gari likamwangukia Mwalimu, na pamoja nalo likamwangukia neno la marehemu kwamba lisiuzwe.

Wanawe wanataka liuzwe. Mama naye hakuwa na haja ya kuuza wala kutouza. Alikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, mfuko wangu utakaa wapi?"

Swali hilo si dogo. Mama ana ugonjwa wa kisukari na hujidunga insulini. Kila anapokwenda kliniki mjini Kisii huwa na mfuko: kipima sukari, sindano, chupa ya dawa, kadi za hospitali, leso, viatu vya pili kwa sababu ya matope, na chochote cha kula. Akirudi huwa na zaidi, maana hakuna mwanamke wa Gusii anayetoka sokoni mikono mitupu. Na ndani ya MGB, ukishakaa wawili, mfuko huo ama ukae mapajani, ama uwe nyuma ya viti mahali ambapo kila mpita njia anauona. Turubai si mlango. Mwizi hahitaji ufunguo, anahitaji wembe tu.

Basi Mwalimu akaamua kutafuta nafasi ndani ya gari ambamo hamna nafasi, na aitafute kwa namna ambayo hata mwenye macho makali hataiona. Aliniita nikaone kazi ilipokwisha. Nilikwenda nikidhani nitaandika habari za kuchekesha, lakini si zote zilizochekesha.

Wazo la kwanza lilitoka ndani ya gari lenyewe. MGB za miaka hiyo hazikuwa na betri moja ya volti 12. Zilikuwa na betri mbili za volti sita, zilizounganishwa ili zifanye kazi kama moja, na zilikaa nyuma ya viti, chini ya sakafu, kila moja katika kishimo chake, huku na huku ya ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Juu yake kuna kifuniko cha bati kinachofungwa kwa vifungo vya kuzungushwa na bisibisi, na juu ya kifuniko kuna zulia. Ni mahali pa ajabu pa kuweka betri. Mtu hazikumbuki mpaka siku gari linapokataa kuwaka, na maji ya betri yanapodondoka hula chuma cha chini polepole bila mtu kujua. Kuanzia magari yaliyotoka mwishoni mwa 1974, kiwanda chenyewe kiliachana na mpango huo, kikaweka betri moja ya volti 12.

Sasa, kuitafuta betri ya gari ya volti sita Ogembo ni sawa na kutafuta samaki juu ya mgomba. Mwalimu alikuwa ameshateseka nazo vya kutosha. Akanunua betri moja ndogo ya volti 12, fundi akaifunga katika kishimo kimoja, na kishimo cha pili kikabaki kitupu. Ndicho hicho! Nafasi iliyofichwa na kiwanda chenyewe, chini ya bati, chini ya zulia, katikati ya gari.

Mwenye gari kama hili na anayetaka kuiga asikimbilie spana. Magari ya MGB yaliyotoka kabla ya mabadiliko ya mwaka 1967 yaliunganishwa kinyume na tulivyozoea: ni waya wa chanya uliofungwa kwenye bodi, si wa hasi. Fundi kijana ambaye hajawahi kuliona gari la namna hiyo ataunganisha kwa mazoea na kuunguza vitu ambavyo spea zake zitatoka Ulaya. La Mwalimu, kwa kuwa ni la 1971, ni la hasi kama magari ya leo, lakini hata hivyo alimfanya fundi afuate nyaya kwa kidole kabla ya kugusa chochote. Mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu.

Kishimo kitupu si sanduku. Vishimo hivi chini viko wazi, na maji ya barabarani huruka humo. Fundi wa jua kali alikata bati, akalikunja likawa kisanduku chenye midomo iliyokalia kingo za kishimo, akakipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje mara mbili, akakizungushia mpira wa dirisha la lori kuukuu ili vumbi lisipite. Betri nayo ilifungwa kwa ukanda wa chuma isicheze, na vichwa vyake vikafunikwa kwa vipande vya mpira. Hilo la mwisho msilipuuze. Bisibisi moja tu ikiteleza kutoka kisandukuni na kulala juu ya vichwa viwili vya betri, cheche zitakazotoka zinatosha kuchoma zulia, na betri inapochajiwa hutoa hewa inayoshika moto.

Usitarajie kuingiza mkungu wa ndizi humo. Kinaingia kile ambacho mtu angekiweka chini ya godoro: pochi, simu, kadi, hati, na mfuko mdogo wa dawa. Kwa Mwalimu ilitosha. Alicheka siku nzima, Mama aliniambia, akawa anafunua zulia na kulifunika kama mtoto aliyepata panya mfukoni.

Kazi ya pili ilikuwa kwenye buti. Katika MGB la turubai, tairi ya akiba hulala chali ndani ya buti na kuimeza karibu nusu. Lakini tairi ina tundu. Katika lile bakuli la rimu Mwalimu alitengenezewa kasha la mviringo la plaiwudi, lenye kifuniko cha rangi nyeusi, na ndani yake mkaingia jeki, spana, balbu na mkanda wa feni. Ukifungua buti unaona tairi tu. Vyombo ambavyo zamani viligongana huko nyuma kama sufuria za mwanamke aliyekasirika, sasa vimetulia.

Hapo ndipo palipotaka kutokea msiba. Fundi, kwa nia njema, aliona kasha linacheza. Akachukua keekee akataka kutoboa sakafu ya buti apitishe skrubu nne. Alikuwa ameshaweka alama kwa chaki. Mwalimu, aliyekuwa akinywa chai kibarazani, akapiga kelele ambayo majirani waliisikia. Chini ya sakafu hiyo ya buti, karibu mno, ndipo lilipoangikwa tangi la petroli. Keekee ikishapita kwenye bati la kwanza haisimami kuuliza njia. Kasha likafungwa kwa ukanda wa ngozi kwenye bolti ile ile inayoshika tairi, na hakuna tundu hata moja lililotobolewa. Tangu siku hiyo fundi huyo, kabla ya kutoboa gari lolote, hulala chali kwanza akatazama upande wa pili. Nilimwona kwa macho yangu akifanya hivyo kwa Probox ya mteja mwingine.

Milangoni hapakuwa na mengi. Kioo cha dirisha huteremka ndani ya mlango, kwa hiyo ukitengeneza mfuko wenye kina utakigonga. Walipata nafasi ya kuingiza ramani na kitambaa cha kufutia kioo, basi. Nyuma ya viti, juu ya kile kibao, palitengenezwa sanduku bapa la plaiwudi lililovikwa zulia la rangi ile ile ya gari, hata usipoambiwa utadhani ni sakafu. Lilipimwa mara tatu kwa sababu turubai na vyuma vyake huangukia hapo likikunjwa, na sanduku likizidi kimo, turubai haliketi. Hapo hukaa mwavuli, viatu vya Mama vya matope na koti. Katika nchi hii ya Gusii ambako mvua haina miadi na mtu, sanduku hilo lina kazi kuliko yote.

Kwa kweli hakuna jipya katika haya. Waliokuwa na Volkswagen kobe wanajua kwamba gari lile dogo, lililoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, lilikuwa na shimo la mizigo nyuma ya kiti cha nyuma na betri chini ya kiti hicho hicho. Wazazi wetu walificha humo karo za shule. Hata Wajapani walipotoa Mazda MX-5 mwaka 1989, gari lililoiga umbo na roho ya magari haya ya Kiingereza, waliipeleka betri kwenye buti ili uzito usilale mbele. Gari dogo ni kama nyumba ya chumba kimoja, kila pembe lazima iwe na kazi mbili.

Sasa nifikie siku ambayo Mwalimu haipendi kuisimulia. Mama ndiye aliyenisimulia, na yeye akaachwa ajitetee.

Ilikuwa safari ya kwanza ya kliniki baada ya kazi kukamilika. Walifika Kisii salama, Mama akaonwa, akapewa dawa. Ilikuwa saa saba kasoro. Alikuwa amejidunga insulini asubuhi na kunywa uji, na alipaswa kula mchana. Lakini pale walipoegesha, vijana walikuwa wamelizunguka gari, na mmoja akauliza linakwenda kasi gani. Msomaji, kumuuliza Mwalimu swali kuhusu gari hilo ni kufungua mfereji. Alieleza kabureta. Alieleza Abingdon. Alifungua boneti. Mama alikaa ndani akisubiri, akaona haya kumkatiza mumewe mbele za watu. Walipoondoka ilikuwa inakaribia saa tisa, na Mwalimu akasema watakula nyumbani.

Njiani mvua ikaanza. Mama akaanza kutokwa na jasho ilhali kulikuwa na baridi. Mikono ikatetemeka. Alijua ni nini: sukari imeshuka. Peremende zake zilikuwa katika mfuko, na mfuko ulikuwa katika kile kisanduku, chini ya zulia, chini ya bati, nyuma ya kiti chake. Na bisibisi ya kufungulia vifungo ilikuwa wapi? Ndani ya kasha la mviringo, katika tundu la tairi, ndani ya buti.

Mwalimu alisimamisha gari pembeni. Alishuka mvuani, akafungua buti, akafungua kasha, akachukua bisibisi, akarudi, akavuta kiti mbele, akafunua zulia. Kifungo cha kwanza kikazunguka. Cha pili kikagoma. Mikono yake, anasema, ilikuwa inatetemeka kuliko ya mkewe. Mama alikuwa ameanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa amejikinga mvua kwenye kibanda cha duka. Aliona mzee anahangaika, akaja, akasikia neno sukari, akakimbia dukani na kurudi na soda. "Baba, nywa," akamwambia Mama. Mgeni asishangae: kwa Ekegusii baba ni mama, na baba ni tata. Mama akanywa nusu chupa, kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa akamuuliza mumewe kwa nini amelowa hivyo.

Nimeuliza wanaojua, na nawaandikia ninyi mlio na mgonjwa wa kisukari nyumbani. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Mtu akiwa bado anaweza kumeza, mpe sukari inayofanya kazi upesi: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini mpe tena, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali.

Na tuseme pia kuhusu insulini yenyewe, maana Mwalimu alikuwa ameiweka humo humo. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae katika friji, kati ya digrii 2 na 8. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje kwa muda wa wiki nne hivi, mradi joto lisizidi digrii 30 na jua lisiipige. Kisanduku cha bati kilicho chini ya sakafu ya gari, na bomba la moshi likipita huko chini, si mahali pake hata kidogo. Ikipata joto kali haibadiliki rangi wala harufu ukajua, inapungua nguvu kimya kimya. Ikiganda kwa barafu nayo imekwisha kazi. Mama sasa huibeba katika chupa pana ya chai yenye maji baridi, dawa ikiwa imefungwa katika plastiki isiguse barafu, na chupa hiyo hukaa miguuni pake.

Kazi ikarudiwa. Nilipofika, mabadiliko yalikuwa mapya, rangi ilikuwa bado inanuka. Vile vifungo vya bisibisi vimeondolewa, na badala yake kuna kishikizo kimoja cha kuzungushwa kwa vidole, kilichofichwa chini ya ncha ya zulia. Bisibisi ndogo ya akiba imefungwa chini ya dashibodi. Mlangoni upande wa Mama, katika kile kimfuko ambacho fundi alikidharau, kuna peremende, pakiti ya sukari na kipima sukari, havikufichwa na yeyote. Akae amefunga mkanda, akae amesimamishwa njiani, mkono wake unafika.

Nilimwuliza Mwalimu kama polisi hawamsumbui kwa sababu ya visanduku vya siri. Akasema visanduku vyake vimefichwa wezi, si askari. Akisimamishwa na kuulizwa kuna nini, hufunua zulia mwenyewe kabla ya kuombwa. Naona ni busara. Askari akigundua mwenyewe mahali palipofichwa, hata mkiwa na chapati tu humo, mtalala mkieleza.

Mama sasa hupanda gari hilo bila kunung'unika sana. Bado ndizi na mboga za saga huja kwa matatu nyuma yao, na ile ekee yake kubwa ya kuwekea ugali wa wimbi haiingii popote, wameshajaribu. Wajukuu hupandishwa mmoja mmoja kuzungushwa uani, kwa zamu, kufuata umri.

Nilipokuwa naaga, Mwalimu alitaka kunionyesha kisanduku cha betri kwa mara ya mwisho. Akafunua zulia, akazungusha kishikizo, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na daftari la chama cha akina mama na bahasha nene iliyofungwa kwa mpira. Mwalimu aliitazama bahasha, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe.

"Funika, Mwalimu," Mama akasema. "Hiyo si ya gari."

Akafunika.